Fundi wa Kuficha Majina

Desemba 2019, katika mahakama ya shirikisho mjini Washington, ilifunguliwa kesi dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Walioshtaki walikuwa familia za Kongo ambazo watoto wao walifukiwa au kulemaa kwenye machimbo ya kobalti, pamoja na baadhi ya watoto walionusurika. Shirika la International Rights Advocates ndilo lililowawakilisha. Ukiisoma hati yenyewe, kampuni zote tano zimetajwa kwa majina kamili. Upande wa pili yuko Jane Doe, yuko John Doe, na wenzao wengi wa ukoo huohuo wa kubuni, wakitofautishwa kwa namba tu.

Mtu anaweza kudhani majina hayo ya bandia ni mazoea ya wanasheria. Sivyo. Katika mahakama hizo kanuni ni kwamba kila mhusika atajwe, na anayetaka kujificha lazima aombe ruhusa na atoe sababu. Kwa hiyo usiri ule ulifanyiwa kazi. Kuna mtu aliyekaa akapima ni kipi cha maisha ya mama wa jimbo la Lualaba, yaliko machimbo hayo, kiingie kwenye faili ambalo ulimwengu mzima unaweza kulisoma, na kipi kibaki nje.

Kazi hiyo naistahi kuliko ninavyoistahi kazi ya kuandika ripoti. Ripoti nyingi kuhusu Kolwezi, mji wa machimbo ya kobalti, zimeandikwa vizuri, lakini jicho langu hukimbilia yale yaliyoondolewa. Chukua ile ya Amnesty International na Afrewatch iliyotoka Januari 2016. Watafiti walizungumza na wachimbaji 87, wa wakati ule na wa zamani, kwenye machimbo matano ya kusini mwa Kongo, Aprili na Mei 2015. Kati yao 17 walikuwa watoto. Walifuata pia magari yaliyobeba mawe kutoka machimboni hadi soko la Musompo, nje kidogo ya Kolwezi. Tuna idadi, tuna miezi, tuna njia ya magari. Watoto tumewasikia wakieleza saa walizokaa chini ya ardhi na uzito wa magunia waliyobeba, lakini huwezi kwenda mtaani ukamnyooshea mmoja wao kidole.

Na Kolwezi si mji wa kumficha mtu kirahisi. Katika mtaa wake wa Kasulo, mwaka 2014, mkazi mmoja akichimba kwenye kiwanja chake alikutana na heterojeniti, yale mawe meusi yenye kobalti. Muda si mrefu watu wakawa wanachimba uani, wengine hadi ndani ya nyumba, wakifunika midomo ya mashimo kwa maturubai. Mtaa wa namna hiyo hauhitaji kitambulisho cha mtu. Unajua nani amelipwa jana, nani ameoa, na shimo la nani limeporomoka. Ukiandika kisa bila jina la mwenyewe, majirani watalitia wao.

Tuseme baba mmoja amesimulia hivi: “Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nakaa Kasulo, avenyu ya nyuma ya kanisa. Jumanne moja mwezi wa pili shimo letu, mita 45, likaanguka, mdogo wangu akabaki mule. Mawe tuliyokuwa tumeshatoa nikayapeleka depo. Metorex ikasoma asilimia mbili, nikalipwa za mbili. Depo ya pili wakasoma nne.” Depo ni kwa wanunuzi wa mawe, na Metorex ni ile mashine ya mkononi ya kupimia kiwango cha madini, ambayo kila mchimbaji anaijua kwa jina na wengi hawaiamini.

Karani mvivu atafuta jina, aandike “mchimbaji mmoja”, aende zake. Fundi anaanza hapo. Cherehani inaondoka, maana mafundi cherehani walioingia mashimoni si wengi. Kanisa linaondoka pamoja na avenyu. Jumanne ya mwezi wa pili inageuka kuwa “mapema mwaka huo”, kwa sababu msiba una tarehe na tarehe ya msiba inajulikana na wote waliozika. Mdogo wake anakuwa “ndugu wa karibu”. Kuhusu mita 45, ndipo mkono unapositasita. Ukiifuta umefuta ushahidi, kwa kuwa sheria ya Kongo hairuhusu mchimbaji wa mikono kupita mita 30. Ukiiacha kama ilivyo, wanaofahamu shimo la mita 45 watalitambua. Basi inaandikwa “zaidi ya mita 30”: uvunjaji wa sheria umebaki, shimo limefichika. Mbili na nne za Metorex zinabaki zilivyo, kwa sababu zimewakuta wengi na ndizo zinazoonyesha wizi wa mizani. Mwisho fundi anasoma kwa sauti, akitafuta msemo ambao mzee yule huwa nao. Tukisikia “bwana, acha tu” kila baada ya sentensi mbili, sote tutajua ni nani. Msemo unaondoka.

Nilichoeleza kwa aya moja ni kazi ya jioni nzima, na wachimbaji wa ripoti ile walikuwa 87.

Elimu ya takwimu imeithibitisha hofu hiyo ya kutambulika bila jina kwa njia yake. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 wanaweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya wanapoishi. Hakuna jina hapo. Ikiwa nchi ya watu zaidi ya milioni 250 inapenya kwenye tundu la mambo matatu, Kasulo ingetosheka na mawili.

Picha zina shida zao. Uso ukitiwa ukungu kidogo bado unaweza kusomeka, kwa hiyo walio makini hufunika kwa weusi kamili au hupiga picha ya mikono tu. Halafu kuna jezi, rangi ya turubai, na kilima cha kifusi kwa nyuma ambacho kila mkazi anajua kinaonekana hivyo kutoka upande gani. Na ndani ya faili lenyewe, mahali ambapo macho hayafiki, simu imeandika saa na mara nyingi hata mahali halisi picha ilipopigwa. Usipoyafuta hayo kabla ya kuituma, umefunika uso na kuacha ramani ya kufika mlangoni.

Mashirika yanayokusanya simulizi hizi yana tovuti pia, na huko ufundi ni uleule. Kila anayefungua ukurasa huacha nyayo kwenye seva: anwani ya mtandao, saa, ukurasa aliousoma. Shirika makini hukata sehemu ya mwisho ya anwani kabla ya kuihifadhi, ili mgeni achanganyike na anwani nyingine 255. Hufuta kumbukumbu hizo baada ya muda mfupi. Huepuka vidakuzi visivyo na kazi, na vitufe na video za kampuni nyingine, kwa maana kila kipande cha namna hiyo hupeleka habari za mgeni kwa mwenye kipande. Fomu ya malalamiko haiulizi jina kama jina halihitajiki. Ukiuliza umri, kazi, mtaa na idadi ya watoto “kwa ajili ya takwimu”, umeshakusanya kila kitu ambacho mwenzako alikaa jioni nzima kukiondoa.

Hata hivyo wengi Kolwezi huingia mtandaoni kwa simu, na simu hiyo ina laini iliyosajiliwa. Tena huazimwa. Wahandisi huhangaika na wadukuzi wa mbali, wakati anayeweza kumletea mchimbaji matatizo ni shemeji aliyeomba simu apige mara moja akaona kurasa zilizofunguliwa asubuhi. Ndiyo maana nakipenda kile kitufe ambacho tovuti chache huweka pembeni: ukikibonyeza, ukurasa unatoweka na habari za hali ya hewa zinakuja mahali pake. Aliyekibuni alikuwa anafikiria nyumba yenye watu ndani.

Kongo sasa ina sheria ya mambo haya. Kanuni ya Kidijitali, sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, inadai ridhaa ya mwenye taarifa na inaweka mamlaka ya kusimamia. Ni hatua kubwa. Ila hakuna kifungu kinachoweza kumwambia karani kwamba cherehani iondoke na Metorex ibaki.

Pia jina ni mali ya mwenyewe, na siku nyingine mwenyewe hulidai. Julai 2020 shirika la PPLAAF, linalowalinda wafichua maovu, pamoja na Global Witness, walitoa ripoti kuhusu mtandao wa fedha uliohusishwa na Dan Gertler, mfanyabiashara aliyekuwa na maslahi katika migodi ya Kolwezi na aliyewekewa vikwazo na Marekani Desemba 2017. Gertler amekana kosa lolote. Nyuma ya ripoti kulikuwa na nyaraka zilizotoka Afriland First Bank mjini Kinshasa. Septemba mwaka huo mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo wafanyakazi wawili wa zamani wa benki hiyo, wao wakiwa hawapo. Hukumu ilipojulikana, Februari 2021, wawili hao wakiwa Ulaya walijitokeza hadharani: Gradi Koko na Navy Malela. Mahakama ilikuwa nayo majina yao tayari, na kuendelea kufichwa kungewaacha peke yao nayo. Fundi mzuri anajua siku hiyo inaweza kufika, na anajua si yeye wa kuamua.

Kesi ya kina Doe ilitupwa Novemba 2021, na tarehe 5 Machi 2024 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Katika kazi kama hizi huwa kuna karatasi moja, isiyokaa pamoja na simulizi, inayosema namba fulani ni nani na anapatikana wapi. Walimu wa kazi hii husema ichomwe mapema iwezekanavyo. Ikichomwa, hakuna askari wala hakimu atakayeipata. Lakini ikitokea siku moja fidia ikalipwa, hakuna pia atakayejua mlango wa kubisha hodi. Ndiyo sababu wengine huihifadhi miaka na miaka, imefungwa kwa namba za siri, nje ya nchi, na kila mwaka hukaa tena kubishana kama iendelee kuwepo.