Madenge na Utungaji wa A, B, C, D

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: nani hasa alitufundisha kutunga hadithi, mtihani au Madenge? Sitanii. Ukisoma kazi za waandishi chipukizi wa huku kwetu Mtwara utaona alama za shule zote mbili, na mara nyingi mtihani ndio ulioshinda.

Gazeti la Sani, la akina Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo (jina lenyewe ni Sa na Ni), lilituletea watu wasiohitaji maelezo. Ndumilakuwili amebebwa na jina lake: anauma huku na huku, basi, kisa kimeshaanza. Lodi Lofa vilevile: ulodi uko kwenye jina, ulofa uko mfukoni. Na Madenge, yule mtoto mtundu, hakuandikiwa aya ya wasifu. Unamwona anavyofanya, unamjua.

Sisi wa kusini tulipata somo la ziada. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, barabara ya Dar ilikuwa inakatika masika. Magazeti yalichelewa, mengine hayakufika kabisa, na hadithi ya "itaendelea" ikaendelea bila sisi. Tulijaza wenyewe kilichopotea, kwa mabishano. Bwana, ile ndiyo ilikuwa semina ya uandishi! Maana katuni yenyewe imejengwa kwa mapengo: kati ya picha moja na inayofuata kuna jambo limetokea, mchoraji hakulichora, msomaji analimalizia kichwani.

Sasa tazama mtihani wa darasa la saba. Katika karatasi za Kiswahili za miaka ya 2010, sehemu iliyoitwa Utungaji ilimpa mtoto sentensi zilizovurugwa azipange kwa herufi A, B, C na D. Yaani utungaji usio na kutunga! Sentensi ni za mtu mwingine, na mpangilio sahihi ni mmoja tu. Ukifika sekondari unakuta dhamira, ujumbe na falsafa, unavichambua kitabuni kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Mtihani una sababu zake. Kusahihisha insha za watoto wa nchi nzima si mchezo, na herufi inasahihishwa haraka. Ubaya unakuja pale mtu anapomaliza shule halafu akaendelea kumwandikia msahihishaji.

Chukua kisa tunachokijua wote: kijana anavuka Ruvuma pale Kilambo kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Mtahiniwa atatuambia kwamba umaskini ulimsukuma, kwamba mama yake alihuzunika mno, kisha atamalizia na "hadithi hii inatufundisha". Mtu aliyelelewa na katuni angetoa picha mbili. Ya kwanza, mama anapanga sahani tano mkekani. Ya pili, anarudisha moja. Umaskini upo, huzuni ipo, na hakuna aliyeitaja.

Lakini tusizitukuze katuni kupita kiasi. Nyingi za siku zile ziliwachora wanawake makalio kwanza, akili baadaye, na mzaha uliochekesha leo ulirudi tena na tena mpaka ukachuja. Hapo ndipo maswali ya darasani yanatusaidia: nani anachekwa, na kwa faida ya nani? Tuyabebe maswali hayo tunaposoma na tunapopitia kazi zetu, ila yasitoe majibu ndani ya hadithi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandika usiku kwa taa ya chemli au ya umeme, jaribu hivi kabla hujatuletea kazi yako. Futa aya ya mwisho, ile inayofundisha. Mpe rafiki asome, halafu muulize ameelewa nini. Akikuambia jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliandika, ilete haraka.