Heko kwa Wakaguzi wa Bastola za Kale

Bastola ya Luger P08, iliyopokelewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, huwapumbaza wanunuzi kwa umbo lake. Ndiyo maana nawavulia kofia wakaguzi wa silaha za kale. Kwanza huhakikisha haina risasi. Hapo hakuna mjadala. Kisha husoma nambari. Kiwandani, nambari kamili iligongwa kwenye sehemu kuu, na tarakimu zake mbili za mwisho kwenye vipande vidogo. Kipande kimoja kikitofautiana, huenda kilitolewa kwenye bastola nyingine, na bei huporomoka.

Lakini ustadi wao hasa uko kwenye rangi. Mng'aro mpya humfurahisha mgeni, mkaguzi huushuku. Hutafuta kingo zilizolainishwa kwa msasa, alama zilizofifia, vishimo vya kutu vilivyofunikwa na weusi wa juzi. Katika bastola za awali, kifyatulio kilikuwa na rangi ya majani makavu iliyotokana na joto, na kuiga rangi hiyo barabara si kazi rahisi. Nawaheshimu zaidi wanapomwambia mteja, fedha zikiwa tayari mkononi: "Hii usinunue."