Ndimu Kichwani: Asidi Inafanya Nini Kwenye Mba

Uwe Maili Moja pale Kibaha au Kisarawe mjini, ukijikuna kichwa mbele ya watu wazima hutamkosa wa kukwambia: kamulia ndimu. Ushauri huo haukutoka hewani. Ndimu ni asidi, na asidi kweli hubandua magamba. Swali ni asidi ipi, kali kiasi gani, na baada yake kinafuata nini.

Kwenye ngozi ya kila kichwa, hata changu, huishi kuvu ya jamii ya hamira iitwayo Malassezia. Hula mafuta ya ngozi, na mabaki ya mlo wake, hasa asidi ya oleiki, huwawasha baadhi yetu. Ngozi iliyowashwa hujibadilisha haraka mno; seli zilizokufa hazipati muda wa kuachana mojamoja, zinapukutika zikiwa zimeshikana. Ndio huo unga begani.

Asidi ya salisiliki, ndugu yake aspirini, hulegeza kinachozishikanisha seli hizo. Sifa yake kubwa ni kuyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya ukoko. Kanuni za Marekani huiruhusu kwenye dawa za mba kwa asilimia 1.8 hadi 3. Asidi ya ndimu hupenda maji zaidi, na hakuna anayeipima kabla ya kukamua. Kwenye kichwa kilichochubuliwa na kitana utaruka. Ukitoka nayo juani, kemikali nyingine za ndimu, zilizojaa zaidi kwenye ganda, huungana na mwanga na kuunguza ngozi, kisha mabaka meusi yanabaki kwa wiki kadhaa.

Lakini hata salisiliki ni fagio tu. Kuvu haiiogopi sana. Ndiyo maana mpangilio una uzito zaidi kuliko chupa: gawa nywele mistari kama unayetaka kusuka, paka asidi kwenye ngozi, si kwenye nywele, iache dakika chache kama kibandiko kinavyosema, suuza. Ukoko ukishatoka, ndipo shampuu ya ketokonazoli inapoigusa kuvu yenyewe; nayo iachwe dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa. Anayeifuta papo hapo amenunua povu. Na aliyetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele asubiri ngozi ipone kwanza. Wa msuko wa twende kilioni wa mwezi mzima afanye haya kabla ya kwenda kwa msusi, wala asimalizie kwa kumwagia mafuta utosini: hicho ni chakula cha kuvu.

Wapo wanaochukua mafuta ya Whitfield, yaliyopewa jina la daktari wa ngozi wa London, Arthur Whitfield. Yana benzoiki asilimia 6 na salisiliki 3. Kwa mashilingi, yaani choa, ya mkononi au mguuni ni dawa nzuri ya bei nafuu. Kichwani yananata, na kuyaosha ni kazi.

Mtoto wa shule mwenye viraka vya duara na nywele zilizokatika hana mba. Hayo ni mapunye. Kuvu yake imeingia ndani ya unywele, ambako asidi haifiki, iwe ya ndimu au ya dukani. Huyo anahitaji vidonge vya kumeza, mfano griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Mpeleke hospitali ya Tumbi kama uko Kibaha, au ya wilaya kama uko Kisarawe, na ndimu zibaki kwenye samaki.