Blake's 7: Nani yupo nyuma ya barakoa?

Kama hujawahi kuiona Blake's 7, nikuonye mapema: vyombo vyake vya angani vinaonekana kama vya kadibodi. BBC iliirusha kuanzia 1978 hadi 1981, vipindi 52, mtunzi Terry Nation. Blake anaongoza waasi wachache wanaopambana na Shirikisho, dola inayotawala Dunia na sayari kibao. Adui zake wakubwa ni Servalan, kamanda mkuu anayetisha bila kupandisha sauti, na Travis, askari aliyepoteza jicho na mkono kwa sababu ya Blake.

Wapenzi wa tamthilia hii husifu jinsi waasi wenyewe wasivyoaminiana. Nakubali. Mwishoni Avon, mtaalamu wao wa kompyuta, anampiga Blake risasi akidhani amewauza. (Samahani kwa kukuharibia mwisho, lakini imepita miaka zaidi ya 40, jamani.)

Ila jaribu kuitazama kama mtu wa Pangani. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipandisha bendera yake pale. Watu wa Mrima wakaikataa, Abushiri bin Salim akawa mbele. Kule Saadani alisimama Bwana Heri. Mwaka 1889 Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann. Shuleni tulikariri hivyo tu: Abushiri huku, Wissmann kule, utadhani Blake na Travis.

Sasa angalia jeshi lenyewe. Wengi wa askari wa Wissmann hawakuwa Wajerumani. Mamia walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, wengine walitoka Msumbiji. Na Abushiri hakukamatwa na Mjerumani: wenyeji wa bara ndio waliomtoa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hapa ndipo Blake's 7 inaponiangusha. Askari wa Shirikisho wanavaa helmeti nyeusi na barakoa zinazoficha uso wote. Wanaanguka kwa makumi, na ni nadra kuambiwa mmoja wao katoka wapi, analipwa nini, ana mama wapi. Na ukiuliza kwa nini raia wanatii, kipindi cha kwanza kabisa kinakujibu kwa kemia: chakula na maji vimetiwa dawa ya kuwatuliza.

Jibu hilo ni rahisi mno. Wissmann hakuhitaji dawa. Alihitaji mshahara, na watu walio mbali na kwao, wasio na ndugu upande wa pili wa bunduki. Mtu aliyezimwa kwa dawa hana lawama. Aliyepokea mshahara tunalazimika kumwelewa, maana anafanana na sisi.

Kwenye blogu ya sayansi najua utauliza kama kasi ya chombo chao, Liberator, inawezekana. Haiwezekani, lakini hilo halinisumbui. Kosa la sayansi linalonisumbua liko kwenye ile barakoa.

Itazame hata hivyo. Servalan peke yake anatosha kukukalisha hadi usiku wa manane. Ila askari akianguka, usiharakishe kumfuata Blake. Mwangalie kwanza yule aliyelala chini.