Pongezi kwa matabibu wa meno wanaofundisha

Anayeng'oa jino hushukuriwa papo hapo, maana maumivu yamekwisha. Anayemwepusha mtu na kiti cha kung'olea meno hashukuriwi na yeyote. Basi pongezi zangu ni kwa matabibu wanaosimama kliniki ya mama na mtoto, taya la bandia mkononi, wakionyesha namna ya kusugua meno kwa dakika 2, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno ya mtoto wa chini ya miaka 3 iwe kiasi cha punje ya mchele. Mtu mzima ateme povu asisukutue, floridi ibaki kwenye meno. (Hili wazee hulipinga kweli kweli.)

Mtihani wao mkubwa ni imani ya "meno ya plastiki". Mtoto akiharisha na kuchemka homa, zipo familia zinazodai uvimbe kwenye ufizi wake ndio chanzo, zikamkimbiza kwa mganga akatwe ufizi. Tabibu mzuri hafoki. Humshikisha mama kidole kwenye ufizi wa mwanawe, humweleza kuwa uvimbe ule ni chonge linalokua, kisha huhakikisha mtoto anatibiwa kuhara.

Waajiri wao wawape muda wa kufundisha, wasiwapime kwa idadi ya meno waliyong'oa tu.