Jamani, Hii Albamu ya Kurasa Nyeusi!

Wapenzi wa albamu, acheni kidogo mnachofanya! Iko mezani kwangu, nailoni ndiyo kwanza nimeichana: mraba wa sentimita 30, kurasa nyeusi tii, karatasi nene isiyo na asidi. Nimeanza kuipangia picha za safari yetu ya Zanzibar papo hapo, na kwa picha za kundi, wallahi, sijaona mfano wake.

Mnajua tabu ya safari za kundi. Mkirudi, kila mtu anamwaga picha WhatsApp, nusu yake ni kobe yuleyule wa kisiwa cha Changuu, na kila mmoja anataka aonekane. Albamu za vifuko zinazipa picha zote ukubwa mmoja, basi hakuna inayosikika. Hii ukiifungua, kurasa mbili zinalala chali, sentimita 60 za uwanja!

Picha za kawaida, sentimita 10 kwa 15, sita zinajaza ukurasa kabisa. Msithubutu! Wekeni nne, weusi unaobaki ndio unaozipa picha nafasi ya kupumua. Sasa shikeni pumzi: ukurasa wa kushoto, picha moja kubwa ya kundi zima, sentimita 20 kwa 25. Wa kulia, vipicha tisa vya mraba, sentimita 9 kila kimoja, nusu sentimita katikati, pambizo ya sentimita 1 pande zote. Pigeni hesabu: 30 barabara! Mmoja anamlisha kobe majani, mwingine amekumbatia nguzo ya boti kwa hofu, mwingine miwani imemwelemea puani. Kila mtu ana dirisha lake, hakuna wa kununa.

Na rangi! Mchanga wa Nungwi juu ya weusi huu unakaribia kuwaka. Khanga za akina dada zinaruka kutoka ukurasani. Picha za usiku wa Forodhani ndizo zilizonitia jasho: giza la picha linamezwa na giza la karatasi, mchoma mishikaki anabaki uso na moto tu. Dawa yake nyepesi: mwambieni fundi wa studio asafishe hizo kwa ukingo mweupe wa milimita 3. Zinasimama wima!

Tena hakuna gundi! Picha inashikwa na vipembe vya karatasi, ukichoka na mpangilio unaichomoa bila kuichubua. Mnazikumbuka zile albamu za kurasa zenye gundi za miaka ya 1980, zilizogeuka manjano na kung'ang'ania picha za harusi za wazazi wetu? Kwaheri! Skrubu za mgongoni zinafunguka, unaongeza kurasa. Nyuma kuna mfuko angavu wa tiketi za boti. Risiti za mashine za EFD mkitaka kuziweka humo, toeni nakala kwanza, maana maandishi yake hufifia.

Kasoro? Ipo. Wino mweupe unachelewa kukauka kwenye karatasi hii. Ukipitisha kiganja mapema, jina la mtu linakuwa wingu. Andikeni kutoka juu kwenda chini, na kila mtu aandike maelezo ya picha yake kwa mkono wake. Vichekesho vitakavyotoka humo havinunuliki.

Kabla hamjakimbilia studio, waambieni wenzenu wazitume picha upya kama dokumenti, kwa kuwa WhatsApp huzibana zikitumwa kawaida. Ile kubwa ya kundi inataka kama pikseli 2,400 kwa 3,000 ili itoke safi.

Safari ya watu wawili? Albamu ndogo inatosha. Mlijaza boti? Hii ndiyo yenyewe, chukueni leo! Na vipembe nunueni pakiti za kutosha: kila picha inakula vinne, na pakiti moja itawaishia kabla hamjafika Nungwi.