Nairobi hadi New York: Kilomita Zilezile, Safari Mbili

Nilichukua uzi wa kushonea na tufe la dunia ambalo watoto walishalitelekeza kabatini. Ncha moja nikaibana kwa kidole gumba pale Nairobi, nyingine nikaivuta hadi New York, uzi ukakaza. Kwa macho yaliyozoea ramani ya ukutani, nilitarajia upite Kongo, ukate Nigeria na Burkina Faso, utokee baharini Mauritania. Wapi! Ulipanda kaskazini: Lira kule Uganda, Darfur, Chad, jangwa la Algeria, kisha ukaingia Atlantiki karibu na Safi, pwani ya Morocco. Ukapita juu ya visiwa vya Azores, ndipo ukashuka New York.

Ukiilazimisha ndege ifuate mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani, itaruka karibu kilomita 12,200. Uzi unasema 11,840. Hesabu yenyewe haina uchawi. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi uwanja wa JFK, New York, pembe inayopimwa kutoka kitovu cha dunia ni digrii 106 na nusu hivi, na kila digrii moja ni maili 60 za baharini. Zidisha, unapata kama maili 6,390. Ndiyo sababu marubani, sawa na manahodha, hawajaachana na maili hizo: zimekatwa kutoka kwenye umbo la dunia lenyewe. Ndege halisi, bila shaka, haiufuati uzi hatua kwa hatua. Kuna anga zinazokwepwa kwa sababu ya vita, na kuna pepo.

Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Watengenezaji wanasema ndege ya aina hiyo inaweza kwenda kilomita 13,530. Mwenye hesabu za haraka atasema basi, akiba ya kilomita 1,700 ipo, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo inaliwa kabla magurudumu hayajaiacha lami ya Embakasi.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. JFK uko mita 4 tu, ukingoni mwa ghuba. Usiku wa Nairobi wenye nyuzijoto 15, hewa ya Embakasi ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko hewa ya ufukweni yenye joto lilelile. Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikipungua, bawa hudai mwendo zaidi. Tuseme ndege yenye uzito fulani ingenyanyuka pwani ikiwa na kasi ya kilomita 270 kwa saa. Nairobi, ndege hiyohiyo itabidi ifike karibu 300. Na injini zinazotakiwa kuisukuma hadi huko nazo zinavuta hewa hiyohiyo haba, kwa hiyo nguvu zake zimepungua wakati hasa zinapohitajika.

Jua likiwaka, mambo yanazidi kuwa magumu. Kwenye nyuzijoto 27 upungufu wa hewa, ukilinganisha na ufukwe uleule wa nyuzijoto 15, unafika asilimia 21. Ratiba ya kuondoka kabla ya saa sita usiku ina faida yake ya kibiashara, kwani abiria anaamkia New York asubuhi, lakini ndege nayo inashukuru kwa baridi ile.

Nairobi ilishatoa funzo chungu kuhusu bawa lisilobebwa vya kutosha. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliruka hapo kuelekea Johannesburg huku vibawa vidogo vya ukingo wa mbele wa mabawa, vinavyoongeza nguvu ya kunyanyua, vikiwa havijafunguka. Ilipanda kidogo, ikatetemeka, ikaanguka ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia. Watu 59 kati ya 157 walikufa.

Baada ya kunyanyuka, rubani anakutana na upepo wa mbisho, kama wanavyouita mabaharia. Kwenye latitudo za kati, pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Chukua ndege inayokata kilomita 900 kwa saa, ikabiliane na upepo wa 50 tu kwa wastani: itahitaji karibu saa 14 hewani. Upepo huohuo ukiisukuma kisogoni wakati wa kurudi, ni saa 12 na nusu. Ratiba, zikiwemo dakika za kutambaa uwanjani, hukaribia saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Kwa hiyo anayeelekea New York anabeba mafuta mengi zaidi, kutoka kwenye hewa nyepesi zaidi. Uzito ukigonga kikomo, mafuta hayaguswi. Kinachoachwa chini ni mzigo, au viti vinabaki vitupu. Anayerudi anaondoka kwenye hewa nzito ya baharini huku upepo ukimsaidia.

Viwanja vyenyewe vina undugu wa ajabu. JFK ulifunguliwa mwaka 1948 na watu wakauita Idlewild. Jina la Kennedy ulipewa tarehe 24 Desemba 1963, siku 12 baada ya uhuru wa Kenya. Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, ukiwa umejengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Mwaka uliofuata, wanafunzi 81 wa mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani walitua New York, na mwaka 1960 familia ya Kennedy ikachangia nauli za waliowafuata.

Njia ya kurukia iliyo ndefu kuliko zote pale JFK ina mita 4,423. Ile ya Embakasi ina mita 4,117. Wenye kuzihitaji hizo mita 300 za ziada wako Embakasi.